Kibuyu Kilichogeuzwa

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Restituta alipanda kichuguu.

Kilikuwa nyuma ya nyumba yao, kirefu kupita paa la jiko, kigumu kama tofali la kuchoma. Juu yake baba yake, Kasimiri, alikuwa amesimika nguzo, na kwenye nguzo amefunga galoni la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Ndani ya galoni zililala simu za watu: vitochi vilivyofutika namba kwenye vitufe, vingine vimekazwa kwa mpira wa baiskeli ili betri isidondoke.

Hapo Lwamba, ndani kabisa kutoka mji mdogo wa Usevya wenye mnara wa simu, mtandao haukushika. Ungeipeleka simu mlangoni, ungeipeleka shambani, ungeinyanyua juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua, kioo kingekuandikia tu kwamba hakuna huduma. Lakini juu ya kichuguu cha Kasimiri, ndani ya galoni lile na si pengine, vijiti viwili vya mtandao vilisimama. Kwa hiyo watu waliziacha simu zao pale, wakaenda zao kwenye majaruba ya mpunga. Asubuhi mama yake Restituta alizisikiliza huku akitwanga. Mchana ilikuwa zamu ya Restituta. Simu ikiita alipokea, akasikiliza, akayaweka maneno kichwani, kisha akatimka mpaka shambani kwa mwenye simu. Huko alimwamkia na kumpa ujumbe wake: mjomba wa Magamba amefika salama, au shangazi anauliza kama mbegu zimepatikana.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kijiji kizima kilimjua kwa jina. Watu wazima walimpungia mkono kutoka mbali. Walimletea karanga mbichi, hindi la kuchoma, kipande cha muwa. Apolinari, kijana wa bodaboda mwenye mchumba kule Shanwe, Mpanda mjini, alimwita waziri wake wa mawasiliano na kumsalimia kwa saluti.

Siku moja Mwalimu Sylvanus alibandika ramani ya nchi ukutani darasani. Sehemu zenye mtandao wa simu zilikuwa zimepakwa kijani. Dar es Salaam kijani, Mwanza kijani, hata Mpanda mjini kijani. Mwalimu akateremsha fimbo yake taratibu hadi kwenye weupe mtupu karibu na hifadhi ya wanyama, akasema, "Na hapa ndipo tulipo sisi."

Darasa likaguna. Restituta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo iwekwe nukta."

"Nukta ya nini?"

"Ya kichuguu chetu."

Wanafunzi walicheka hadi madawati yakatikisika, lakini Mwalimu Sylvanus hakucheka. Alichukua kalamu ya kijani, akaweka nukta ndogo katikati ya weupe ule. Tangu siku hiyo Restituta alitembea shingo juu, kama mtu anayeonekana kwenye ramani ya nchi.

Kisha kibuyu cha Nyanzala kikaanza kulia.

Nyanzala alikaa naye dawati moja. Wazazi wake walikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia Lwamba na ng'ombe wao, wakajenga kando ya njia iendayo majarubani. Baba yake, Masele, alikuwa na kibuyu kilichokatwa nusu, alichokining'iniza kwenye nguzo ya zizi kuwekea vitu vyake: kisu, ugoro, na simu aliyoitumia kusikilizia redio. Jioni moja, wakati anakamua, simu ikaita humo ndani. Ng'ombe akashtuka, akapiga teke ndoo ya maziwa. Masele akachukua simu, akaisogeza huku na huko, na kugundua jambo: ikikaa ndani ya kibuyu, mdomo wa kibuyu ukielekea upande wa Usevya, vijiti vitatu vinasimama. Ukisogea hatua moja tu pembeni, hakuna kitu.

Vijiti vitatu, na kichuguu kilikuwa na viwili.

Restituta alipozisikia habari hizo alisema ni uongo. Alipokwenda kujionea mwenyewe alisema ni bahati ya siku moja. Lakini zizi lilikuwa njiani, lina kivuli, na halikuhitaji mtu mzima kukwea kwa magoti na mikono. Mmoja mmoja, watu wakaanza kuhamisha simu zao. Galoni likabaki na simu tatu, kisha mbili, kisha ya baba yake peke yake.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa namna Nyanzala alivyoifanya kazi. Restituta alifikisha ujumbe. Nyanzala aliufikisha na sauti ya aliyeutuma. Bibi wa Usevya akikohoa kwenye simu, Nyanzala naye alikohoa. Mchumba wa Apolinari akinuna, Nyanzala alinuna mpaka midomo ikatokeza. Watu walicheka wakishika mbavu, wakamwomba arudie. Wala hakuwa na haja ya kukimbia kila mara: alisimama juu ya boma la miti, akatia viganja mdomoni na kuita kwa sauti ndefu ya wachungaji, na majaruba yote yakamsikia.

Restituta alikaa juu ya kichuguu chake akisikia vicheko vile vikipanda na upepo, na kila kicheko kilimpiga kama kokoto. Alimwonea Nyanzala gere kwa sauti yake, kwa meno yake meupe, hata kwa raba zake zilizotoboka ambazo hakuzionea haya. Darasani alisogeza daftari lake mbali. Nyanzala alipomwomba kichongeo alisema hana, na kichongeo kilikuwa mezani wanakiona wote wawili.

"Nimekukosea nini?" Nyanzala aliuliza.

"Nani kasema umenikosea?"

Na siku Apolinari alipopita na pikipiki yake, akampigia Nyanzala saluti, Restituta hakula chakula cha jioni. Alimwambia mama yake tumbo linamuuma. Kweli kulikuwa na kitu kinamuuma, ila hakikuwa tumbo.

Kesho yake alitumwa kwa akina Nyanzala kuchukua maziwa. Akakuta kimya. Masele alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho, Nyanzala ameenda kuteka maji, na mama yake Nyanzala alikuwa Mpanda, hospitalini, alikopelekwa kujifungua. Restituta alilijua hilo. Kijiji kizima kililijua. Lakini siku hiyo alilijua kwa mbali, kama jambo lisilomhusu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameganda kwenye kibuyu.

Alitazama huku na huku. Akashika kibuyu kwa mikono miwili, akakizungusha hadi nyuma ya nguzo, mdomo ukaelekea porini, kisha akaishusha kamba yake kidogo. Ni kidogo tu. Mtu asiyejua angeona kibuyu kipo palepale. Akachungulia simu iliyokuwa juu ya zote: hakuna kijiti hata kimoja. Ndani ya moyo wake kulikuwa na utamu wa ajabu, kama wa asali iliyoibwa. Alirudi nyumbani bila maziwa, akasema hakukuta mtu.

Jioni ile watu walifika zizini kupiga simu wakaambulia patupu. Hawakushangaa sana, mtandao wa Lwamba ulikuwa na siku zake za kugoma. Masele naye alirudi na ng'ombe usiku, hakuwa na wasiwasi. Walikuwa wamekubaliana na mkewe kwamba akiruhusiwa hospitalini atapiga, naye apeleke mkokoteni wa ng'ombe kumpokea njia panda. Kibuyu kikilia, ameruhusiwa. Kibuyu kikinyamaza, bado. Alikiamini kibuyu kile kama anavyomwamini fahali wake.

Siku ya pili yake wingu zito lilikuwa limefunika upande wote wa hifadhi. Restituta alikuwa juu ya kichuguu, miguu inaning'inia, akisubiri watu warudi kwake. Simu ya baba yake ikaita. Namba hakuitambua. Sauti ya mwanamume, nyuma yake injini inanguruma, ilisema kwamba yeye ni kondakta wa basi la Mpanda. Kuna mama anataka kuongea haraka, maana wanamshusha na basi linaondoka.

Kisha ikaja sauti ndogo, iliyochoka.

"Hapo ni kwa Kasimiri? Ni wewe Restituta?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana napiga ya Baba Nyanzala, haipatikani. Yenu ndiyo namba nyingine ninayoijua kwa kichwa. Nipo njia panda na mtoto. Wamenipasua, siwezi kutembea na huu mzigo. Mwambie alete mkokoteni, mvua inakuja."

Simu ikakatika.

Njia panda hapakuwa na nyumba wala kibanda. Kulikuwa na jiwe la kukalia, barabara, na pori la hifadhi upande wa pili, ambako nyati walivuka watakavyo. Restituta aliliona jiwe lile. Akamwona mama wa watu amelikalia, mtoto mchanga kwenye khanga, wingu juu yao. Utamu wa asali ukageuka shubiri kinywani.

Alitelemka kichuguu kwa matako, akachubuka goti, akakimbia. Alikimbia juu ya kingo za majaruba, akateleza, akaangukia tope, akaamka. Alipofika zizini hakuwa na pumzi ya kutosha, ikabidi Masele amshike mabega mpaka maneno yatoke.

Masele hakuuliza mara mbili. Alifunga nira, akatupa turubai na magodoro mawili kwenye mkokoteni, akaita vijana wawili wenye mikuki wamsindikize. Ndipo akachungulia simu ndani ya kibuyu, akamgeukia binti yake.

"Hakuna mtandao hata chembe. Tangu lini?"

"Jana jioni watu walisema umegoma tu, baba. Nilikaa hapa jana tangu nirudi kuteka maji, na leo tangu nitoke shule. Haikulia."

"Ulikaa au ulicheza? Mama yako ameachwa porini na kidonda, wewe hujui. Nikirudi hiki kibuyu nakitoa. Kazi ya simu imekushinda. Utachunga ndama."

Akaondoka, fahali wakivuta, mjeledi ukilia hewani. Nyanzala alibaki ameshika nguzo ya boma, machozi yanamtiririka bila sauti. Yeye aliyejua kuiga sauti za watu wote, yake mwenyewe ilikuwa imepotea.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Apolinari alisema amejua siku nyingi kwamba kichuguu ndicho chenye mtandao wa kweli, haya mengine ni majaribio. Akampigia Restituta saluti mbele ya wote. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, na wale waliokuwa na simu kibuyuni wakaanza kuzitoa mmoja baada ya mwingine. "Kesho tunarudi kwako, mwanangu," walimwambia.

Kila alichokitamani kwa majuma yote yale kilikuwa kimemjia kwa mpigo. Restituta alisimama katikati yao, tope hadi magotini, akasikia baridi.

Mvua ilinyesha, ikapungua, na kabla giza halijaingia mkokoteni ulirudi. Mama Nyanzala alikuwa amelowa na anatetemeka, lakini alikuwa mzima, na mtoto alikuwa mkavu ndani ya khanga mbili na koti la baba yake. Walimwingiza ndani, wakamkokea moto, wakampa uji wa moto. Kasimiri na mkewe nao walikuwa wamefika kumpa pole. Mama Nyanzala alipopata nguvu aliuliza yule msichana aliyepokea simu yuko wapi.

Restituta alisukumwa mbele.

"Ng'wanone," alisema Mama Nyanzala, yaani mwanangu, kwa lugha yao. "Nyati walisimama kunitazama, mimi naomba Mungu tu simu ile iwe imefika. Mimi na Baba Nyanzala tumeongea njiani. Huyu mtoto ni wa kike. Tunataka tumwite Restituta."

Chumba kizima kikanong'ona kwa furaha. Kasimiri alijikuna shavu kuficha tabasamu. Kwenye kona, Nyanzala alikuwa anakoleza moto, hamtazami mtu, macho yamevimba.

Restituta angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona siku ile, na hakuna ambaye angejua kamwe. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amekunja vidole vyake kama anashika kitu kidogo sana.

"Msimpe jina langu," alisema.

Akamgeukia Masele.

"Kibuyu nilikigeuza mimi. Jana nilipofuata maziwa. Nilikizungusha nyuma ya nguzo nikakishusha, mtandao ukatoka. Nyanzala hakucheza. Nilimwonea wivu kwa sababu watu walihamia kwake." Akamgeukia Mama Nyanzala. "Simu yako, mama, ilikosa njia kwa ajili yangu."

Mama yake Restituta akaficha uso kwa khanga. Kasimiri akasimama, na ilionekana wazi angemchapa palepale, lakini Masele alinyoosha mkono kumzuia. Mfugaji yule alimwendea binti yake, akamwambia mbele ya wageni kwamba amemsema kwa kosa lisilo lake, na anamwomba radhi. Kisha akamwambia Restituta kwamba kibuyu kina mahali pake, na aliyekiondoa ndiye atakayekirudisha. Kesho yake, asubuhi.

Siyo kazi ndogo kuutafuta mtandao uliopotea. Restituta alilizunguka boma akiwa ameshika simu, hatua kwa hatua, anapandisha kibuyu, anakishusha, anakigeuza kidogo, anatazama kioo. Jua lilipanda. Nyanzala alikaa juu ya boma, anatazama. Restituta alipokigeuza tena kulia, sauti ikatoka juu.

"Kushoto. Wewe unaenda kulia kila mara, kama ng'ombe mwenye jicho moja."

Restituta akakisogeza kushoto. Kijiti kimoja, viwili, vitatu. Hawakucheka, lakini Nyanzala alishuka akashika kibuyu wakati Restituta anafunga kamba.

Kasimiri naye alitoa hukumu yake nyumbani: Restituta asipande kichuguu mpaka mtu aje mwenyewe kumwomba apande. Siku zikapita. Hakuna aliyekuja. Apolinari alipita bila saluti. Darasani Restituta alirudisha daftari lake katikati ya dawati na kuweka kichongeo juu yake. Kisha, wakati wa mapumziko, alimwomba Mwalimu Sylvanus kalamu ya kijani, akaweka nukta nyingine kwenye weupe wa ramani, karibu kabisa na ile ya kwanza. Hakumwambia mtu. Lakini Nyanzala alikuwa na macho ya mchungaji, na nukta moja ikizidi kundini ataiona.

Mpunga ulipokuwa unaanza kupiga njano, ukungu mzito ulilala juu ya Lwamba asubuhi ya Jumamosi. Restituta alikuwa anaosha vyombo aliposikia hatua. Nyanzala alisimama uani, amebeba kikapu cha simu.

"Leo kwetu kumegoma kabisa," alisema. "Panda."

Kichuguu kilishika mtandao. Siku hiyo walijua kwamba ukungu ukilifunga zizi, mara nyingine kichuguu husikia. Na upepo ukikizidi kichuguu, zizi husikia. Walipokea simu pamoja, Restituta akikumbuka maneno na Nyanzala akiyatia sauti, na walipofika jarubani kwa Apolinari na manung'uniko ya mchumba wake, alicheka akawapigia saluti wote wawili.

Jioni Restituta alimsaidia Nyanzala kurudisha kikapu. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia, na sauti ya mama yake ilikuwa inambembeleza.

"Nyamaza, Restituta. Nyamaza, mama."

Restituta alisimama mlangoni, hajui aingie au akimbie.

"Ingia," Mama Nyanzala alisema. "Usishangae. Jina hatukulifuta, tuliliweka pembeni kwanza tuone."

"Lakini mama, nilikukosea."

"Ulinikosea sana, na sijasahau lile jiwe." Alimweka mtoto begani, akampigapiga mgongo. "Lakini usiku ule hakuna aliyekuuliza. Ulikuwa umeshapewa sifa zote, ukazirudisha kwa mkono wako mwenyewe ili mwenzako asionewe. Hilo ndilo nililomrithisha mwanangu. Sasa nisikilizeni nyie wawili. Mpunga mwenzako akiuvuna, unapungua shambani. Maji mwenzako akiyateka, yanapungua kisimani. Lakini mtandao haupungui kwako kwa sababu mwenzako ameupata. Na sifa ni hivyo hivyo. Wivu unakudanganya kwamba umeibiwa, mpaka unaamka kwenda kuiba kweli. Ukiusikia unaanza kukuwasha, useme mapema, kabla mikono haijafanya kazi yake. Na ukichelewa ukakosea, useme ukweli hata kama hakuna anayekushuku."

Mtoto alikuwa amenyamaza. Mama Nyanzala akamnyanyua, akamweka mikononi mwa Restituta mkubwa.

"Mshike shingo vizuri," alisema. "Mwenzio hajajua kutembea shingo juu."